Kilicho Ndani ya Ua

Bethuel alikuwa na povu la sabuni kichwani wageni walipogonga mlango. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule, miguu ndani ya beseni, taulo mapajani, na mkewe Angeline amepiga magoti nyuma yake akimsugua mgongo. Tangu kiharusi kilipompiga upande wa kushoto, ngazi ilikuwa imemshinda, na bafu la nyumba ile ya Hodge Hill, kule kwa Waingereza, lilikuwa juu ghorofani, kama yalivyo mabafu ya mtaa mzima. Aliyejenga nyumba zile alidhani watu hawataugua. Fundi wa viti vya umeme vya kupandisha wagonjwa ngazi alikuja akapima, akaiona ile kona iliyo katikati ya ngazi, akakunja futi yake akaaga.

"Wamekuja mapema," Angeline alinong'ona.

"Hawajaja mapema. Wewe ndiye umechelewa kunisuuza."

Angeline alivuta pazia alilolifunga kwa kamba kutoka dirishani hadi kwenye kabati la vyombo, akamwacha mumewe nyuma yake na beseni lake, akaenda kuwafungulia watu wa ushirika. Wakaingia na baridi ya Januari mabegani, wakiongozwa na Charity, nesi mwenye sauti ya kuita mgonjwa aliye wodi ya pili. Wakajipanga kwenye makochi, yale makochi makubwa ya rangi ya maziwa yenye vitambaa vya kufuma mgongoni, ambayo Angeline alikuwa ameyanunua kabla hata ya kununua kitanda. Waliimba, wakaomba, wakaimba tena. Nyuma ya pazia maji yalikuwa yanapoa, na mwenye maji pamoja nayo.

Katikati ya sala ndefu ya Charity, pazia likapiga chafya.

"Bwana asifiwe, Baba Audrey!" Charity alisema bila kufumbua macho.

"Amina," pazia likajibu.

Baada ya hapo wakala ugali na sukuma wiki. Charity alichota mara mbili, akalamba vidole. "Mama Audrey, hizi sukuma zako unazipa nini? Zangu zimekauka tangu November. Zako zinakaa ni kama ziko Kisii."

"Ni ule udongo wa mwisho wa ua," Angeline alisema kwa fahari. "Ukiingiza jembe linazama lenyewe. Hapo kando ya jiwe tu, kwingine hakuna kitu." Akawafungia kila mmoja fungu lake kwenye mfuko.

Walipoondoka alilifungua pazia. Bethuel alikuwa ametulia vile vile, povu limemkaukia kichwani, midomo ya buluu. Mwanamume aliyekuwa akiendesha malori ya mizigo usiku kucha hadi Scotland alimtazama mkewe kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

"Nakuomba kitu kimoja tu," alisema. "Mlango wenye kufuli. Nikioga, dunia isijue."

Angeline alimfunika taulo, akamkumbatia hivyo hivyo na maji yake. "Utaupata. Nitakujengea pale uani. Chumba chako na bafu lako, hata wakatae."

*

Alikuwa amesema "hata wakatae" kwa sababu alikwisha kunusa harufu ya kukataliwa. Wiki iliyofuata alikuja Mulki, msichana wa Kisomali aliyefanya kazi idara ya ujenzi ya manispaa, kuutazama uwanja. Mulki alizaliwa Eastleigh, akakulia Small Heath, na aliposikia Angeline akijibu simu kwa Kiswahili aliacha Kiingereza hapo hapo mlangoni kama mtu anayevua viatu.

"Mama, sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema wakiwa wamesimama uani. "Kile chumba umechora kina bafu, kina jiko, kina mlango wake. Hiyo kwetu ni nyumba ya pili ndani ya ua wa nyumba moja. Itachukua nusu ya uwanja, na jirani hapo atakosa mwanga. Hawatakubali."

"Hata kwa mgonjwa?"

"Mgonjwa anaondoka, nyumba inabaki. Ndiyo wanaogopa. Lakini si nimeona sebule yenu ni kubwa? Ukikata pale kona uweke bafu, hakuna mtu wa kukuuliza. Ndani ya nyumba ni wewe na fundi wako. Room yake na bafu yake, ground floor, finish."

Angeline alihisi kama ameambiwa avue nguo. "Sebule? Wageni nitawakalisha wapi? Jikoni?"

"Mimi nimesema tu, mama. Pole."

Uwanja mzima ulikuwa mweupe kwa barafu nyembamba ya asubuhi, majani yakilia chini ya viatu. Mulki alitembea akipima kwa macho, kisha akasimama ghafla. Mwisho wa ua palikuwa na tuta la sukuma, limelala sambamba na ua wa mbao, na kichwani pake jiwe bapa ambalo Angeline alilitumia kuwekea ndoo. Pale barafu haikuwepo. Udongo ulikuwa mweusi na umelowa, majani yamesimama, na ukingo wa weupe ulikatika sawasawa kulizunguka tuta, kana kwamba mtu alilifunika usiku na kulifunua asubuhi.

"Mbona hapa hakuna barafu?"

"Mbolea," Angeline alisema.

Mulki aliitikia kwa kichwa, lakini walipokuwa wakirudi kwenye nyumba alizunguka mbali, akabana sketi yake isiguse majani. Angeline aliliona hilo akaudhika. Alijiambia kwamba msichana huyo ana maringo.

*

Mtu mwingine aliyelitazama lile tuta kwa jicho la namna yake alikuwa mzee Ronny, ingawa yeye alikuwa akiishia nyuma ya ua.

Nyuma ya ua kulikuwa na kichochoro, na kila Jumapili, Angeline akirudi kanisani na kwenda kuchuma mboga, gambuti chini ya gauni la ibada, mzee yule wa Kiingereza alikuwa akitokea upande wa pili. Alikuwa mrefu, koti limemzidi, kofia mkononi. Alikaa kwenye zile fleti za wazee karibu na maduka. Alianza kuja Jumapili ya kwanza kabisa baada ya wao kuhamia, mwaka uliopita.

"Ni mimi tu, Ronny," alisema siku ile ya kwanza, akimwita bab, kama wenyeji wa mji ule wanavyomwita mtu kwa upole. "Samahani, bab, sikusumbui. Maureen yuko salama?"

Mwingine angeuliza Maureen ni nani. Angeline hakuuliza, maana huo ndio uliokuwa ufundi wake. Kwenye nyumba ya wazee kule Acocks Green, alikoenda kila siku kwa basi la 11, walifundishwa kwamba mtu aliyepotewa na kumbukumbu habishiwi. Bibi wa miaka tisini akisema anamsubiri mama yake aje kumchukua, humwambii mama alishakufa. Unamwambia yuko njiani, tunywe chai kwanza. Wenzake wengine waliyasema hayo kwa haraka na wazee hawakudanganyika. Angeline aliyasema kwa uso wote. Wazee walitulia mikononi mwake, na wakubwa wa kazi walimsifu.

Kwa hiyo alimjibu Ronny pale pale. "Yuko salama kabisa. Amelala."

"Amelala vizuri?"

"Vizuri sana. Hata hajageuka."

Mzee alicheka, machozi yakamlenga. "Zamani alikuwa akinisukuma mpaka ukingoni," alisema, akavaa kofia, akaondoka mwepesi kuliko alivyokuja.

Kuanzia hapo ikawa desturi yao. Maureen amelala, Maureen ametulia, Maureen jana mvua haikumsumbua. Angeline alimwonea huruma, na, tuseme kweli, alijipenda kidogo kwa ukarimu ule usiomgharimu chochote.

Na Bethuel naye alikuwa na yake. Alishinda dirishani kutwa akiutazama ua, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama. Jumapili moja Angeline alipoingia na mboga alimwuliza, "Yule mama ameondoka?"

"Mama gani?"

"Wa kwenye jiwe. Huwa anakaa pale na soksi tu. Si umwambie avae viatu? Baridi hii itamwua."

Angeline alitazama nje. Jiwe lilikuwepo na ndoo juu yake. Alijua zile dawa za shinikizo la damu huwachezea watu macho, na moyo ulimwuma, lakini uso wake ulifanya kazi yake. "Ameenda kwake, Baba Audrey. Nimemwambia avae viatu."

"Haya. Afadhali." Na Bethuel akaridhika.

*

Manispaa ilikataa. Ndipo Angeline alipompigia simu Baldev.

Baldev Singh alizaliwa Kisumu na hakuwahi kumaliza kuondoka huko. Alikuwa na nyumba za kupangisha kutoka Small Heath hadi mwisho wa mji, na alikuwa mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba kilichokuwa kikipigania mswada Bungeni. Mswada wenyewe, kwa maneno yake, ulikuwa mfupi: mwenye ardhi ajenge apendavyo ndani ya mipaka yake, na manispaa ishughulike na taka. Walikuwa wamekwisha kumpata mbunge wa kuupeleka. Walichokosa ni sura.

"Mimi nikisimama kusema, watu wanaona kilemba na majumba mingi, wanasema huyu tajiri analia nini," Baldev alisema, amezama kwenye kochi na kikombe cha chai. "Lakini wewe, mama! Unaosha wazee wao, mzee wako anaoshwa nyuma ya pazia. Sunday hii tuko na mkutano pale Coventry Road, mbunge atakuja kusikiliza. Wewe sema tu vile unasemanga kanisani."

"Na nikisema, chumba nitapata?"

"Chumba unapata Monday!" Akapiga paja. "Naleta vijana na katingatinga kadogo. Tunachimba msingi. Wakija kubomoa, wanabomoa nyumba ya mgonjwa mbele ya kamera. Nani atathubutu? Sheria itakuta sisi tumeshapaka rangi. Mimi Kalasinga wa Kisumu, naweza kukudanganya?"

Bethuel alikuwa dirishani. "Tutachimba wapi?" aliuliza.

"Pale mwisho, mzee. Kwenye mboga. Ndiyo mahali pekee lori la simiti linafika, kwa kichochoro."

Bethuel aliyarudisha macho uani. Angeline alidhani amechoka.

Vijana wa Baldev walikuja siku hiyo hiyo wakapigilia vigingi na kufunga kamba nyekundu kulizunguka tuta. Kigingi cha kichwani, karibu na jiwe, hakikukaa. Walikigonga kikaingia kama kwenye siagi, na walipogeuka kikawa kimelala chini. Wakakigonga tena, kikalala tena. Mwishowe wakaifunga kamba kwenye mkono wa ndoo.

Ronny alikuja kabla ya siku yake. Huenda aliwaona wapigilia vigingi kutoka barabarani. Alisimama nyuma ya ua, vidole vimeshika mbao, akaitazama ile kamba nyekundu kwa muda mrefu.

"Hamtamsogeza, bab? Maureen?"

Angeline alikuwa na haraka ya kwenda kazini, koti mkono mmoja. "Hakuna mtu atakayemsogeza, Ronny. Nakuahidi."

"Unaahidi?"

"Mbele ya Mungu," alisema, kwa kuwa wazee wa kizazi kile hupenda kusikia hivyo.

*

Ukumbi wa Coventry Road ulikuwa wa harusi, viti vimefungwa riboni, taa za vioo zinaning'inia. Juu ya jukwaa, mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa na majina ya bwana na bibi harusi, palitundikwa kitambaa chenye kauli ya chama: kilicho ndani ya ua wangu ni changu. Wenye nyumba walijaa, Makalasinga, Wapakistani, Waingereza wenye mashamba ya pembeni mwa mji, na katikati yao safu nzima ya ushirika ikiongozwa na Charity, vilemba vimesimama. Audrey, binti yao, aliweka simu kwenye kigoda mbele ya jukwaa ili baba yake aone akiwa nyumbani. "Dad's on," alisema, akanyanyua kidole gumba.

Angeline alipanda akiwa na hofu, na hofu ilimtoka kwenye sentensi ya pili. Alisema kwa Kiingereza cha kazini, polepole, kama anavyozungumza na mgonjwa. Aliwaeleza ngazi yenye kona. Aliwaeleza beseni. Aliwaeleza kuhusu wageni, nyimbo zote zile, povu lililokauka kichwani, na chafya katikati ya sala. Ukumbi ulicheka, kisha ukajuta kucheka, na mbunge akainamisha uso. Hapo Angeline aliona kwamba amewapata. Hakukumbuka kwamba kwenye simu ndogo pale chini alikuwepo mtu aliyeomba dunia isijue.

"Ardhi ile ni yangu," alimalizia. "Tumeifanyia kazi tukiwa wazima na tukiwa wagonjwa. Kilicho ndani ya ua wangu ni changu, na hakuna atakayekigusa bila ruhusa yangu."

Watu walisimama kupiga makofi. Baldev alishika kipaza sauti, macho yamelowa kweli kweli. "Sasa, shahidi wa mwisho. Aliona tangazo letu, akapiga simu mwenyewe wiki hii, akasema anamjua Angeline na ana kitu cha kusema. Karibu, Mr Ronny."

Angeline alimwona akipanda ngazi za jukwaa, koti lile lile, tai nyeusi. Alijisogeza kumsaidia, kwa mazoea. Mzee alimpigapiga mkono akamshukuru.

"Ni mimi tu, Ronny," aliuambia ukumbi. "Nyumba ya huyu dada ilikuwa yangu. Mke wangu alipokufa walitaka kumpeleka makaburi ya ng'ambo ya mji, ambako hakumjua mtu. Nikauliza, nani anazuia nimlaze nyumbani kwake? Wakasema haiwezekani. Nikauliza tena, nani hasa? Ikaonekana hakuna. Kwa hiyo nilichimba mwenyewe na mpwa wangu, mwisho wa bustani, upande wa jua. Nikamweka na soksi zake. Viatu hakuvipenda kabisa, Maureen. Nikaweka jiwe kichwani."

Taa za vioo zilisikika zikigongana.

"Nilipozeeka nikauza. Kijana wa wakala alisema atawaeleza wanunuzi, lakini nilikuwa na wasiwasi, si unajua vijana. Nikaenda Jumapili ya kwanza, nikauliza, Maureen yuko salama? Na huyu dada akanijibu pale pale. Amelala, alisema, hata hajageuka. Nikajua ameambiwa, na amekubali. Hajawahi kuniuliza Maureen ni nani. Amempandia mboga, anakaa naye, kila wiki ananipa habari zake. Na juzi ameniahidi mbele ya Mungu kwamba hakuna atakayemsogeza." Alimgeukia Angeline, kidevu kikitetemeka. "Nyinyi mnazungumza haki. Mimi hii ndiyo niliyoitaka, na huyu amenipa."

Makofi ya kwanza yalikuwa kelele tu ukilinganisha na haya. Mbunge alisimama. Watu walipangusa machozi. Safu moja tu haikupiga makofi. Charity alikuwa ameweka kiganja mdomoni, na vilemba vyote vilikuwa vimegeuka kumtazama Angeline, watu wote wale waliokula, waliochota mara mbili, waliobeba mifuko kwenda nayo kwa watoto.

"Mama!" Baldev alimnong'oneza sikioni. "Mbona ulinificha hii? Hii ni dhahabu!"

Kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwa Angeline. Soksi. Bethuel alikuwa amesema soksi.

*

Alipofika nyumbani mfuko wa kwanza wa sukuma ulikuwa umekwisha kurudishwa, umewekwa mlangoni bila kubisha hodi.

Bethuel aliketi dirishani, simu mapajani, imezimwa. Hakumgeukia.

"Baba Audrey, nisamehe. Sikupaswa kusema mambo ya beseni."

"Hayo yameshatoka. Sasa hata Bunge linajua napiga chafya." Akalionyesha jiwe kwa kidevu. "Yule mama. Nilipokuambia, ulinijibuje?"

Angeline aliweka mkoba wake chini.

"Ulisema umemwambia avae viatu. Mimi nikafurahi. Nikasema, kumbe hata Angeline anamwona, basi sijaharibika. Kumbe ulikuwa unanijibu kama unavyowajibu wale wazee wako wa Acocks Green."

"Nilidhani ni dawa."

"Ungeniambia ni dawa! Tungegombana! Ningejua nina mke." Machozi yalimtoka, na kwa kuwa upande mmoja wa uso wake haukusogea yalipita njia moja tu. Angeline alianguka magotini pale alipokuwa akimsugua mgongo, akalia kwa sauti. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona tangu azaliwe, na haikuwa kwa ajili ya ushirika.

Walikaa hivyo hadi walipopoa wote wawili.

"Kwetu ukitaka kujua shamba ni la nani, unauliza nani amelala pale," Bethuel alisema. "Sisi hapa tumepanga, Mama Audrey. Tumenunua, lakini tumepanga. Mimi siwezi kulala juu ya mke wa mtu."

"Na mlango wako? Na kufuli?"

Bethuel aliitazama sebule, kochi moja baada ya jingine, vitambaa vimenyooshwa, na Angeline akafuata macho yake.

*

Baldev alikuja Jumatatu na katingatinga kake juu ya lori, injini inanguruma kichochoroni. Angeline alimkuta uani.

"Peleka nyumbani, Baldev. Sichimbi."

"Mama, nimefikiri usiku mzima. Tunasogeza msingi kidogo hivi, au tunaomba kibali ahamishwe kwa heshima. Mswada ukipita hata hatuombi mtu. Ni yako! Si wewe umesema mbele ya mbunge? Kilicho ndani ya ua ni chako!"

"Nimesema," Angeline alijibu. "Ni wangu. Ndiyo maana sichimbi."

Baldev alitazama tuta, kamba nyekundu, ndoo iliyokuwa imeanguka tena ubavu. Kisha mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba, mtu wa majumba na malori, aliinama akafungua kamba za viatu vyake, akavivua, akasimama kwenye majani yaliyolowa na soksi tu, mikono imekutana kifuani. Angeline aliziangalia zile soksi, kisha jiwe.

"Sasa mzee ataoga wapi?" Baldev aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Nisaidie kubeba makochi."

Walibeba na wale vijana wa tingatinga. Kochi kubwa lilikwama mlangoni, wakalikata mguu. Fundi wa Baldev alikata kona ya sebule, akaleta mabomba, akaweka bafu la kusimama lenye kiti cha kukunja, na mlango, na juu ya mlango kufuli ya shaba ambayo Bethuel aliichagua mwenyewe. Hakuna aliyekuja kuuliza. Angeline alimpigia Mulki simu kumwambia, na Mulki alicheka, kisha akauliza taratibu kama pale mwisho pameguswa.

"Hapajaguswa."

"Alhamdulillahi," Mulki alisema.

Ushirika ulihamia kwa Charity. Walisema ni kwa sababu ya nafasi. Mswada ulikuwa bado unazungushwa huko London, na picha ya Ronny ilikuwa kwenye matangazo ya chama, kofia mkononi.

*

Jumapili moja mwishoni mwa Machi baridi ilirudi ghafla, ikakataa kuondoka hata saa sita ilipopita. Angeline alitoka kanisani, akavaa gambuti kwa mazoea, akaenda uani mikono mitupu. Hakuchuma tena pale. Sukuma zilikuwa zimemshinda kimo, zimechanua maua ya manjano. Nyuma yake, ndani ya nyumba, maji yalisikika yakimwagika nyuma ya mlango uliofungwa, na mwanamume akiimba vibaya.

Kichochoroni kofia ilitokea.

"Ni mimi tu, Ronny. Maureen yuko salama?"

Jibu lilikuwepo mdomoni tayari, laini, limezoea njia. Amelala. Angeline aliliona likija akalimeza.

Maji ndani ya nyumba yalikatika. Baada ya muda Bethuel alionekana dirishani, shati safi, nywele zinang'aa. Aliunyanyua mkono wake mzima akapunga. Hakumpungia mkewe wala mzee. Alipunga kwenye jiwe, kama mtu anavyomsalimu jirani.

"Ngoja, Ronny," Angeline alisema. "Ngoja kwanza nimtazame."

Alipita kwenye barafu hadi ilipokatika, akainama, akaweka kiganja juu ya jiwe. Kila kitu uani kilikuwa kimeganda, ndoo, kamba, mbao za ua. Jiwe lilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu amekipisha sasa hivi.

Hakuondoa mkono. Alitamani kukimbia, na hakukimbia.

"Leo hajalala, Ronny," alisema. Na mara hii hakuwa kazini.